Njia ya Pangoni

Basi kulikuwa na kijana mmoja, Nuhu, alirusha mtandaoni video ya pango, akaeleza na njia yote, mpaka pa kuegesha gari. Hakuwa na ubaya, alilipenda tu lile pango. Watu wakamiminika, wakaandika majina ukutani kwa rangi, popo wakahama.

Njia ilipita shambani kwa Bi Sikudhani, na tangu zamani hakumzuia mtu. Siku moja Nuhu akaenda kumwomba radhi, akamkuta anazungushia seng'enge.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Afadhali umekuja, mwanangu, nishikie waya huu. Kesho hapiti mtu. Simjui huyo mpumbavu aliyetutangaza, ila aliyeifunga njia ni yeye, si mimi."

Nuhu akashika. Akauvuta ukakaza. Aibu mnaijua ilivyo.

Mara gari likasimama. Binti akachungulia, simu mkononi.

"Kaka, si wewe wa kwenye video? Pangoni tunapitia wapi?"

Bi Sikudhani akaacha kugongomea. Akamtazama Nuhu, wala hakupaza sauti.

"Wajibu wageni wako."

Nuhu bado kaung'ang'ania waya, miiba inamchoma kiganjani, na wale garini wanamngoja.