Vidonge vya Njaa

Mwoka mikate aliibamiza chupa ya vitamini juu ya kaunta, na watu wote katika duka la dawa wakageuka.

"Umeniuzia njaa!" alimfokea mfamasia. "Nilikuja hapa nikakueleza: najinyima chakula, nipe vitamini nisije nikaanguka mbele ya tanuri. Ukanipa vidonge hivi. Sasa nakula kama niliyetoka kifungoni!"

Wala hakuwa anatia chumvi. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kila alfajiri alitoa mikate tanurini, harufu ikamzunguka mwili mzima, naye hakugusa hata ganda. Gauni la kazini likaanza kumpwaya, akalikaza kwa pini na kutembea nalo kama bibi harusi. Kisha, ghafla bin vuu, tumbo likageuka shimo. Alikula, na kabla hajakausha vyombo njaa ikabisha hodi tena. Jana alijikuta stoo, mlango ameufunga kwa ndani, anaung'ata mkate wa moto bila kuukata, machozi ya hasira yakimchuruzika hadi kidevuni. Leo alipopanda mizani aliona uzito wote umerudi, tena umekuja na mgeni.

Na daktari aliyempima hospitalini hakumung'unya maneno. "Punguza kwanza, ndipo tuongee. Usipopungua, jambo hili tulisahau." Siku ya kupimwa tena ilikuwa imekaribia, naye pini za gauni alikwisha kuzitupa.

Mfamasia hakujibu ukali kwa ukali. Alimwaga vidonge kiganjani, akavigeuzageuza chini ya taa, akakunja uso.

"Mama, chupa ni yangu. Vidonge si vyangu."

"Unamaanisha nini?"

"Vinafanana, ila hivi vina mstari katikati. Hizi si vitamini. Hivi ni vya kuongeza hamu ya kula, wanapewa wagonjwa waliokataa chakula." Akavirudisha chupani kimoja kimoja. "Chupa hii unaiweka wapi nyumbani?"

Mwoka mikate aliinyakua chupa, akatoka mbio.

Njiani hakumwona mtu wala hakusikia salamu. Kichwani lilikuwa linazunguka jina moja tu: mumewe. Nani mwingine? Tangu aanze kujinyima, bwana huyo alikuwa na maneno. "Mimi nilioa mwanamke, sikuoa ufagio." Na akicheka, anacheka mpaka anashika mbavu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu wake hakuwa nguoni tu, alikuwa kitandani kabisa.

Aliusukuma mlango kwa bega. Mumewe, fundi viatu, alikuwa amekaa sebuleni na buti la mteja katikati ya magoti, misumari midomoni. Kwenye kochi la dirishani alilala mdogo wa mwoka mikate, miguu juu ya stuli, kikombe chake cha maji kando. Kijana yule alikuwa akiishi nao tangu alipoacha kazi. Watoto walikuwa shule.

"Mshenzi wee!" Chupa iliruka, ikagonga ukuta, vidonge vikatawanyika chini ya viti. "Unanilisha dawa kama kuku wa kuuzwa!"

Fundi alitema misumari. "Mke wangu, kuna nini?"

"Usinimkewangu! Mfamasia ameviona. Ulivitoa vyangu ukaweka vya kunifanya nile. Ili nini? Nisipungue? Nibaki kama unavyopenda wewe?"

"Yale ya ufagio nilitania tu. Ule ulikuwa mzaha!"

"Mzaha!" Alilinyakua lile buti na kuliinua juu. "Unajua fika kwa nini najinyima. Unajua siku zinakwisha. Naamka usiku wa manane kuoka mikate nisiyoila, nalala na tumbo linalia, halafu wewe, wewe mwenyewe, unanichimbia shimo!"

"Naapa kwa watoto wangu," fundi alisema. "Sijaigusa chupa hiyo. Ningewezaje, na mimi ndiye ninayeomba ufaulu?"

"Basi imebadilishwa na jini?"

"Dada, weka kiatu chini," alisema yule wa kochini.

"Wewe pumzika. Usijichoshe na mambo haya."

"Nimesema weka chini!"

Mwoka mikate aligeuka. Hakuwahi kumsikia mdogo wake akipaza sauti, achilia mbali mwaka huu ambao hata kusimama kulimtoa jasho. Sasa alikuwa amesimama, ameshika ukuta, macho yamemwiva.

"Mume wako hana kosa," alisema. "Ni mimi, nilitia vidonge nilivyopewa hospitali. Na ukinunua vingine nitavibadilisha tena, na tena, mpaka unichukie. Ukipungua tu, watakulaza na kukupasua, watoe figo yako wanipe mimi. Una watoto watatu, dada. Mimi sina hata paka."