Mjomba wa Matambara

Rubani alimgonga Mjomba kiunoni, akashuka kwenye foklifti, akamnyanyua kwa kola na kumkung'uta vumbi.

"Samahani," akamwambia. "Ila na wewe umezidi kusimama ovyo."

Mjomba hakujibu. Kichwa chake kilikuwa mpira uliopasuka, umevishwa kofia ngumu. Mwili wake ulikuwa ovaroli ya kazini iliyoshindiliwa matambara, na miguuni alivaa buti zisizo na kamba, urithi wa mtu aliyestaafu. Alishonwa na Bi Usalama, mwanamke aliyesimamia kanuni za ghala lile, na kila asubuhi aliwekwa kwenye kona mpya. Asiyemwona Mjomba leo, Bi Usalama alipenda kusema, kesho hatamwona binadamu.

"Hiyo ya pili," Bi Usalama alisema nyuma yake, filimbi ikining'inia shingoni. "Ya tatu unashuka kwenye mashine, nakupa ufagio."

"Ajali haina kinga, Bi Usalama."

"Haina kinga, baba, ila ina breki."

Wapakiaji wakacheka. Rubani naye akacheka, lakini ya moyoni aliyajua mwenyewe. Bila kile kiti alikuwa nani? Mama mkwe wake kila siku aliwatambia majirani kwamba binti yake ameolewa na mtu wa mitambo. Leo aende akamwambie kwamba mtambo wenyewe ni fagio la chelewa?

Mwenye akili angeanza kufuata kanuni. Mzigo ukiziba macho, endesha kwa kurudi nyuma. Kila kona, honi. Mkanda kiunoni, masikio wazi. Rubani alizijua zote kwa ghibu, na zote aliziona ni mambo ya waoga. Akatafuta njia ya mkato, na njia yenyewe ilikuwa Kibonge, mpakiaji mnene na mcheshi, kaka wa mkewe. Ghala zima huyo peke yake ndiye hakumwita Rubani. Alimwita Shemeji.

"Kazi yako moja tu," Rubani alimwambia. "Mjomba akiwekwa, unakuja kuninong'oneza yuko wapi. Akihamishwa, unakuja tena mbio."

"Shemeji, si rahisi zaidi upige tu honi?"

"Wewe uko upande wangu au wake?"

Kibonge akanyoosha mikono juu. Damu nzito kuliko maji, na undugu wa kuoleana nao una uzito wake.

Mpango ukashika. Kwenye kona ya Mjomba, Rubani alikuja kwa rivasi, polepole, honi mbele, mkanda umembana, shingo imegeuka kama inavyotakiwa. Hata alimsalimia. Bi Usalama akampongeza mbele ya watu, akasema kumbe mtu mzima anafundishika. Kona nyingine zote alizipita kama anafukuzwa, spika ndogo za muziki zimeziba masikio.

Siku moja Kibonge alinong'ona mapema: "Mjomba yuko uchochoro wa rangi." Basi Rubani akawa na adabu zake kwenye rangi, mpaka wakati wa chai.

Baada ya chai akabeba mifuko ya sabuni ya unga, imepangwa mpaka juu ya macho yake. Uchochoro wa sabuni uko mbali kabisa na rangi. Akaongeza sauti ya muziki, akakanyaga mafuta.

Kwenye kona mashine ikagonga kitu. Mlio wake hakuusikia. Aliuhisi makalioni, kiti kilipotikisika. Mifuko ya mbele ikaporomoka.

Akazima mashine, akashuka, akauzunguka mzigo. Chini ya rundo la mifuko umechomoza mguu mmoja wa ovaroli na buti yake.

"Mwanamke huyu mchawi," akasema. Kamhamisha Mjomba! Na Kibonge bila shaka bado amekumbatia kikombe cha chai, hana habari. Leo jioni watatambuana, ukweni au si ukweni.

Akatazama huku na huku. Uchochoro mtupu. Filimbi haijalia, kwa hiyo ya tatu bado haijaandikwa popote. Akaishika buti akavuta. Mjomba hakusogea.

"Siku hizi wanakujaza nini, mawe?" Akaitazama ile buti. Kamba mpya, zimefungwa vifundo viwili viwili. "Na umependeza, utadhani una posa."

Alipoona havutiki, akaisukuma buti kwa ncha ya kiatu mpaka ikaingia chini ya rafu. Kisha akaburuta mifuko mingine miwili, akaipandisha juu ya rundo, akairekebisha vizuri kwa viganja. Muziki ulikuwa umefika pale anapopapenda. Akawa anatikisa kichwa.

Mkono ukamgusa begani.

Alikuwa Bi Usalama. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Sindano ameichomeka kwenye kola, uzi mrefu unaning'inia, na kwapani amembana Mjomba, mkono umeshonwa nusu.

Rubani akamtazama Mjomba. Akazitazama zile buti zake zisizo na kamba.

Bi Usalama akamchomoa spika ya sikio moja. "Nasema, Kibonge wako kaja huku mbio kukwambia nimemchukua Mjomba nikamshone. Mnadhani sijui? Hamjaonana?"

Na katika lile sikio lililozibuliwa, kutoka chini ya mifuko, mtu alikuwa akiita, taratibu, kama aliyekwisha kuita muda mrefu: "Shemeji... Shemeji..."