Mjibu, Baba

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni gizani, kikazunguka, kikatulia. Wanawake walikwisha kuamka. Furaha alibaki kitandani akimsikiliza Dadi, mtani wao wa Turiani. Hata jua halijachomoza, ameshaanza kumsema baba yake.

Kulipopambazuka Dadi alikuwa mlangoni, kavaa koti la baba yake Furaha, Mwalimu Anselmi, na miwani yake, riwaya kaibana kwapani, chaki nyuma ya sikio.

"Eti mtunzi!" alifoka. "Kafundisha insha mpaka kapata kipara, kastaafu, ndio akaanza kuua watu! Kuku wa Krismasi tu alimshinda, akamkimbia na kisu shingoni. Lakini vitabuni anachinja mpaka mapadri!"

Uani walicheka. Mama yake Furaha naye alicheka, kanga mdomoni.

"Na muuaji nani? Mwalimu mkuu! Kitabu cha pili, mwalimu mkuu. Cha tatu, mwalimu mkuu! Alikufanya nini mwenzio, Mwalimu? Jibu basi!"

Mwalimu hakujibu.

Hapo ndipo Furaha alipoungua moyo. Tangu aache chaki, baba yake alisemwa kila mahali. Walimu wenzake walisema karukwa na akili. Kanisani wakasema anafundisha watoto wizi. Sokoni kurasa zake zilifungiwa karanga. Yeye akitabasamu tu, akirudi mezani kuandika. Mpelelezi wake vitabuni alikuwa na maneno makali kama pilipili ya Kinole, lakini mwenyewe hakuwahi kumrudishia mtu hata moja. Sasa Furaha alitaka kitu kimoja: amjibu huyu. Mara moja tu, wote wasikie.

"Mtani, mila umeitimiza. Sasa tupishe mlangoni, kanisani wanatusubiri," alisema mjomba Thobias.

"Hapiti mtu! Kwanza aseme mwenyewe. Maneno yote yale ya kujaza vitabu, leo kayaficha wapi?" Dadi alivua miwani, akaifuta. Akakohoa, kisha akacheka kuliko wote.

Furaha alipenya katikati ya watu mpaka sebuleni, akapiga magoti kando ya baba yake.

"Mjibu, baba," alimnong'oneza. "Neno moja tu. Anakudharau mbele za watu, na wewe umenyamaza?"

Grace, mwanawe wa miaka minne, alimvuta gauni.

"Mama, babu amekufa," alisema.