Pikipiki ya Mzee Mhina

Zama hizo, mtu akifa na kuacha kazi nusu, sauti yake ilibakizwa ukutani mwa nyumba yake mpaka kazi hiyo iishe, ndipo ilipozimwa. Mzee Mhina wa Tanga aliacha pikipiki kuukuu ya Kitaliano, imefumuliwa vipande vipande sebuleni. Mjane wake, Mwanahawa, hakuwa amewahi kushika spana, lakini sauti kutoka ukutani ilimfundisha kwa upole, nati baada ya nati, kwa miaka miwili.

Ikabaki kabureta tu. Kila alipoifunga, sauti ilimwambia, "Bado, Mama Zuhura. Ifungue tena." Naye akaifungua. Mara ya tisa, kabla ya kuifungua, aliilinganisha na mchoro wa kwenye kitabu cha pikipiki. Haikuwa na kasoro hata moja.

"Baba Zuhura," alisema taratibu, "uhai wako wote hukuwahi kunidanganya."

Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Pikipiki ikiwaka, nazimwa."

"Wewe ni sauti tu. Mume wangu nilimzika."

"Basi mbona naogopa?"

Mwanahawa aliiweka spana chini. Mhina alikata roho ametulia, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe, akisema yuko tayari. Huyu aliyekuwa akitweta ukutani hakumjua.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Alisikia pumzi tu, za haraka haraka, kama za mtoto aliyejificha. Alipochoka kuzisikiliza, akaokota spana, akaifungua kabureta kwa mara ya tisa.