Bugali wa Tope

Ndagala walikuwa wamekufa tangu juzi, lakini kwenye sahani walikuwa wanatembea.

Feza alikitazama kifuniko cha kopo alichopakuliwa na bintiye. Bugali ulikuwa wa tope, sawa, mchezo ni mchezo. Ila samaki walikuwa wa kweli, wale aliowatupa jalalani, na funza wanene, weupe, walichomoza matumboni mwao na kuzama tena. Uvundo ulimpanda puani, akakisukuma kifuniko pembeni.

"Minye siwezi kula hii buchafu!"

Msichana alinuna. Jumapili, kwa bibi yake kule Mutarule, aliposukuma pembeni kichwa cha samaki, mama huyu huyu alimfinya paja kwa kukataa chakula cha watu, mpaka akakimeza.

"Chakula ya bantu habakatalake," akasema polepole, kama mwalimu. "Ni weye ulisema."

Feza akageuza uso atafute hewa, ndipo akamwona kitindamimba wake, mgeni wa kwanza kuandaliwa, amekaa kwenye kitenge, kifuniko chake kinang'aa kwa kulambwa.

Alikuwa bado anatafuna. Akamnyooshea dada yake kifuniko.

"Ingine."