Haikuwa Malaria

Wanawake wa mtaa wa Nguba walisimama nje ya lupango, ua wa nyumba ya mwalimu, wala hakuna aliyeingia. Mwalimu alikuwa amejiua jana, na nyumba yake sasa waliiogopa.

"Citoyenne, usiingie mule," mmoja alimwambia kwa heshima jirani yao Nsimire, akimvuta pagne, kitenge alichojifunga.

Nsimire aliutoa ule mkono taratibu, akavua viatu mlangoni, akaingia.

Mjane alikuwa ameketi sakafuni, shati la mumewe mapajani, anashona kifungo. Kifungo kilikuwa kimeshashika zamani. Uzi ulikuwa umejaa juu yake hadi hakionekani tena, lakini sindano iliendelea kupanda na kushuka.

"Maman Nsimire," alisema bila kuinua macho, "uwaambie ni malaria."

Nsimire aliketi karibu naye, bega kwa bega. Miaka sita sasa alikuwa amewaambia watu wote, hata padri, kwamba kaka yake aliuawa na malaria. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari za kaka yake, na yeye mwenyewe hakuthubutu kulitaja jina lake.

"Mimi pia nilisema malaria," alisema. "Haikukuwa malaria, dada. Kaka yangu alijiua, sawa bwana yako. Sijaambia mutu hata mumoja."

Sindano ilisimama. Mjane alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Batanicheka."

"Bacheke mimi kwanza."

Alimshika mkono, akamwinua, wakatoka pamoja hadi mlangoni.

"Bamaman, muingie," Nsimire aliita kwa sauti kubwa. "Niko na habari ya kaka yangu."