Mashtaka ya Kikombe cha Chai

Mashtaka yalikuwa manne, na yote yalihusu kikombe kimoja cha chai.

Sajini wa nidhamu, ambaye melini walimwita Kifungu kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kutaja kimoja cha sheria, aliyasoma kwa sauti ya msibani. La kwanza, kumwagia afande chai. La pili, kuichafua suruali ya serikali. La tatu, kutamka "Lahaula!" mbele ya mkubwa bila ruhusa. La nne, kuisingizia meli.

Mshtakiwa alikuwa mpishi wa meli, mtu mzima aliyekwisha kulitumikia jeshi la majini miaka ishirini na miwili. Wote walimwita Mzee Mwiko. Alisimama wima, kofia kwapani, ndani ya chumba cha maofisa, wenyewe wameketi kumzunguka. Kamanda alikuwa ameamuru mapazia yafungwe, ili haki itendeke bila kusumbuliwa na jua.

Hii haikuwa mahakama. Iliitwa adhabu ya kamanda, utaratibu mzuri usiopoteza muda wa mtu. Hakuna wakili, hakuna hakimu mgeni. Mlalamikaji alikuwa Kamanda. Shahidi mkuu alikuwa Kamanda. Mwamuzi alikuwa Kamanda. Suruali nayo ilikuwa ya Kamanda.

"Haya, jitetee."

"Afande, juzi asubuhi nilikuletea chai. Ulikuwa umeshika usukani mwenyewe, unamwonyesha afisa wa pili namna ya kukata kona. Meli ikashtuka. Chai ikaenda ilikokwenda."

"Meli haishtuki!" Kamanda alifoka. "Lilikuwa wimbi. Baharia wa miaka ishirini na miwili anashindwa na wimbi?"

Akaitwa afisa wa pili, kijana mwembamba aliyetarajia kupandishwa cheo mwezi ujao.

"Lilikuwa wimbi, afande. Kubwa."

"Kabla yake bahari ilikuwaje?"

"Shwari, afande."

"Na baada yake?"

"Shwari kabisa. Lilikuja hilo moja tu, halijarudi tena mpaka leo."

Karani wa meli aliyaandika hayo bila kuinua macho. Alikuwa amezoea. Kila asubuhi aliyapelekea makao makuu taarifa aliyosomewa na Kamanda, neno kwa neno: doria inaendelea vizuri, bahari imetulia.

Mzee Mwiko alijua anakopelekwa. Alibakiza miezi mitatu tu astaafu. Tepe zake mbili za ukoplo zilimgharimu miaka kumi na tisa ya kuamka kabla ya watu wote. Kuzibandua kungechukua dakika moja na wembe wa sajini. Na mkewe alikwisha kuwatangazia mawifi zake wote kwamba mume wake anarudi nyumbani na cheo chake. Mbele ya mawifi wale, mwanamke yule asingekuwa na pa kuuficha uso.

"Umepatikana na hatia," Kamanda alisema baada ya kutafakari kwa kina, akafungua faili na kutoa hukumu iliyokuwa imepigwa chapa tangu jana. "Unavuliwa tepe zote mbili. Na kwa siku thelathini hutaondoka melini."

Mpishi alipiga hatua moja mbele.

"Afande, naikataa adhabu. Nadai mahakama ya kijeshi."

Kifungu akakikumbatia kitabu chake cha kanuni kama mtu aliyepata mtoto, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Kifungu cha tano, afande! Aliye nchi kavu anaweza kuikataa adhabu ya kamanda na kudai mahakama. Aliye melini, hawezi."

"Kwa sababu gani?" mpishi aliuliza.

"Sababu haimo kwenye kifungu."

Kamanda akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Umesikia, Mzee Mwiko? Siku utakayofika nchi kavu, dai mahakama mpaka koo likukauke."

"Na nikifika leo, afande?"

Kamanda aliangua kicheko. Maofisa nao wakacheka, kwa kuwa sasa kicheko kilikuwa kimeruhusiwa.

"Ukifika leo, nakufutia mashtaka yote manne!"

"Naomba iandikwe, afande."

"Karani, mwandikie! Piga na mhuri, asije akasema tumemnyima haki yake."

Karani aliandika, na safari hii aliinua macho. Alimtazama mpishi, akamtazama Kamanda, akafungua mdomo, akaufunga. Kazi yake ilikuwa kuandika. Kamanda, mtu aliyeziamini mno taarifa zake mwenyewe, alitia saini kwa mbwembwe huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Hebu niambie, mzee wangu. Kuogelea unajua?"

"Sijui, afande. Maji nayaogopa tangu utotoni."

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Mzee Mwiko aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati na kukifunga kifungo. Akapiga saluti. Akatoka, akapanda sitahani kwenye jua kali la adhuhuri, akavua viatu, akafunga kamba za kimoja kwa za kingine na kuvitundika shingoni. Kisha akakunja suruali, akashuka ngazi ya pembeni polepole, akimwomba Mungu kila daraja, na kuanza kutembea kuelekea ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, juu ya fungu la mchanga ambalo meli ilikuwa imelikalia tangu juzi. Maji hayakumfika hata kwenye vifundo vya miguu.